Aliyekula Firigisi Asimame

Mimi nina ugonjwa wa kucheka mahali pasipochekwa. Nimejaribu dawa zote: kujifinya paja, kuuma ulimi, kufikiria mazishi. Mazishi ndiyo mabaya kuliko yote, maana nimewahi kucheka mazishini pia. Kwa hivyo siku nilipomwambia mama yangu kwamba serikali imeniajiri katika ofisi ya mipango ya maendeleo, wilaya ya Bungoma, hakuuliza mshahara. Alikuwa ameinamia gunia lake la viazi pale soko la Kitale, akainua kichwa na kunitazama kwa huruma.

"Na huko kwa mikutano," akasema, "utafanya aje?"

Lilikuwa swali zuri, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa mikutano mitupu. Tulikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, serikali ilikuwa mpya, na nchi nzima ilikuwa kama mtu aliyetoka kuvua viatu vya kubana. Watu walikuwa wanakataa kumpa askari chai barabarani, tena kwa sauti, na wapita njia wanawapigia makofi. Nairobi walikuwa wametutumia mkakati wa kufufua uchumi, kitabu kinene, na ndani yake neno "uratibu" lilikuwa limemwagwa kama chumvi. Idara zishirikiane. Idara zisikilizane. Na aliyepewa kazi ya kuzishikanisha mikono wilayani ni ofisi yetu, iliyokuwa na watu watatu, kabati moja na birika.

Bosi wangu, mtu mpole wa miwani aliyekuwa amekaribia kustaafu, alinikabidhi kile kitabu siku yangu ya kwanza.

"Hapa wanasema tuwalete pamoja," akaniambia. "Mimi nimejaribu kuwaleta hawa watu pamoja tangu kabla hujazaliwa. Lakini wewe una miguu mipya. Jaribu."

Nilikiamini kila neno, sitadanganya. Nilikuwa nimepanga chumba Kanduyi, na jioni nilikuwa nalala chali nakisoma kama watu wanavyosoma barua za mapenzi. Nilikuwa naona barabara, nguzo za stima, maji ya mfereji, vyote vinaingia vijijini vimeshikana viuno. Nilikuwa kijana na nilikuwa na furaha ya ajabu, na bado naionea wivu.

Mradi wetu wa kwanza ulikuwa Kamukuywa, kule juu kwenye barabara ya kwenda Kitale, karibu na mpaka wa mkoa. Kina mama wafugaji walikuwa wameunda chama cha maziwa. Maziwa yao ya asubuhi hayakuwa na shida: lori la mnunuzi lilipita mapema, likayachukua. Shida ilikuwa maziwa ya jioni. Lori halikuja jioni, na kufikia asubuhi maziwa yalikuwa yameshachacha. Mtu atasema, si wangeuza maziwa lala, yale ya kuganda? Wangemuuzia nani? Kila nyumba ilikuwa na lala yake inayofurika. Kwa hivyo nusu ya kazi ya ng'ombe ilikuwa inamwagwa.

Mama mwenyekiti wa chama alinionyesha kwa macho yangu. Alikuwa mama mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyebeba vitu maisha yake yote, na wajukuu aliowasomesha kwa maziwa hayo hayo. Aliyanusa maziwa ya jana yake, akakunja uso, akaenda akayamwaga kwenye shina la mgomba. Kisha akafanya kitu ambacho sijawahi kumwona mtu mwingine akifanya. Alipita zizini, akampapasa ng'ombe wake shingo na kumwambia, "Pole, mama. Tena leo."

Alikuwa anamwomba ng'ombe msamaha! Na kwa mara ya kwanza maishani, mahali ambapo mtu yeyote angecheka, mimi sikucheka.

Dawa ya shida hii ilikuwepo. Serikali ilikuwa imeshanunua tangi kubwa la kupozea maziwa, na lilikuwa limelala katika stoo ya idara ya mifugo mjini Kitale. Kamukuywa iko Bungoma, mkoa wa Magharibi. Kitale ni Trans-Nzoia, mkoa wa Bonde la Ufa. Tangi lilikuwa upande mmoja wa mpaka na maziwa upande wa pili, mwendo wa asubuhi moja kwa baiskeli. Lakini lilikuwa na masharti. Mwaka wa serikali huisha mwisho wa Juni, na Nairobi walikuwa wamesema kwamba tangi lisipokuwa limefungwa na kufanya kazi kufikia siku hiyo, litachukuliwa lipelekwe mkoa mwingine ambako watu wako tayari. Hayo nilimweleza mama mwenyekiti mwenyewe. Alinisikiliza, akaniuliza Juni ni lini kutoka leo, akatingisha kichwa.

Basi tukaenda ziara rasmi ya idara zote. Nasema tukaenda, kwa kweli kila mtu alienda na lake. Kutoka kiwanja kimoja cha ofisi pale Bungoma yaliondoka magari manne kuelekea kijiji kimoja, kila moja na dereva wake na mkubwa mmoja kiti cha mbele. Injinia wa ujenzi alikuwa na lake. Bwana Afya, yaani afisa wa afya ya umma, lake. Mtu wa stima lake, mtu wa maji lake. Mimi na bosi wangu, waratibu, hatukuwa na gari, tukabebwa na Bwana Afya kwa kupenda kwake. Kutoka upande wa Kitale alikuja Daktari wa mifugo, mzee mwenye kofia nyeupe ya kufuma aliyezaliwa karibu na msikiti wa Kitale, na ambaye ndiye alikuwa na ufunguo wa ile stoo. Magari yalipopangana kwenye boma la mama mwenyekiti, mbuzi walikosa pa kusimama.

Tulikagua nyumba ya tangi iliyojengwa nusu. Tukatingisha vichwa. Kisha tukaitwa ndani kula.

Sasa, Bungoma huwezi kuondoka kwa mtu bila kuku, hilo nilikuwa nimeshajua na nilikuwa nalifurahia. Jambo ambalo sikujua ni lile lililo ndani ya kuku. Mimi nimelelewa na watu waliotoka upande wa kati ya nchi, na kwetu firigisi huliwa na yeyote aliye karibu na sufuria. Pale Kamukuywa firigisi ni ya mkubwa. Mgeni wa heshima ndiye huila, na anayeila amekubali mbele ya watu kwamba yeye ndiye mkubwa wa msafara. Na mkubwa ndiye huombwa.

Kuku alikuwa mmoja, jogoo mzima, amechinjwa na mwenye duka wa Kiislamu pale sokoni ili Daktari naye aweze kula. Alikuja kwenye bakuli kubwa, na firigisi imelazwa juu, inang'aa mchuzi. Bakuli likawekwa mbele ya Injinia.

Injinia akaliangalia. "Aii, mimi ni wa kujenga tu," akasema. "Mpe Daktari."

Daktari akacheka kwa adabu. "Mimi hapa ni mgeni kutoka mkoa mwingine, bana. Stima ndiyo mkubwa."

"Mimi? Si maji aanze."

"Hapana, afya. Afya ndiyo kila kitu."

Bwana Afya akalisukuma kwa bosi wangu, na bosi wangu, ambaye miaka yake yote katika serikali hakuwahi kushika kitu chenye moto, akalisukuma mbele bila hata kuliangalia. Firigisi ilizunguka meza nzima bila kuguswa, ikafika mwisho, mlangoni, mahali pa mtu mdogo kuliko wote. Hapo ndipo nilipokuwa nimekaa. Nilikuwa nimetoka Kanduyi alfajiri bila chai. Niliona wakubwa wote wameshakataa, nikaona kipande kizuri kinapoa, nikakichukua nikakila.

Nilisikia meno yangu mwenyewe yakitafuna.

Mtu wa stima aliangalia dari. Wasichana waliokuwa wanaandaa chakula walikimbilia jikoni, na kutoka huko nikasikia kishindo cha mtu ameanguka kwa kicheko. Mimi bado sikuelewa, lakini kicheko cha jikoni kiliniwasha mbavu, na unajua ugonjwa wangu. Nikajaribu kumeza na kucheka kwa pamoja. Bosi wangu ilibidi anigonge mgongo.

Wakati wa kuagana, mama mwenyekiti aliwapa wale wengine mkono mmoja mmoja, haraka haraka. Aliponifikia mimi aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili na hakuuachilia.

"Basi tumejua mkubwa ni nani," akasema. "Mwanangu, wewe ndio umekula filigisi. Selikali ni wewe. Tangi tutauliza kwako."

"Mama, mimi ni mdogo tu, mimi hata gari sina."

"Filigisi imeshaingia tumbo. Utaitoa namna gani?"

Njia nzima ya kurudi Bungoma bosi wangu alikuwa anafuta miwani yake na kucheka upya. Hakuna aliyewahi kunieleza siasa za serikali vizuri kuliko alivyonieleza yeye siku ile. Hakuna mtu pale mezani, akasema, asiyejua firigisi ni tamu. Walikuwa wanaogopa kuombwa. "Na sasa umeila wewe," akaongeza. "Faili ni lako."

Nikaanza kuzunguka. Mwanzoni nilizunguka kwa furaha, nimevaa viatu vya kisigino. Nilikwenda kwa mtu wa stima. Akanipokea vizuri, akaniambia hawezi kuleta waya kwenye nyumba isiyoisha. Nyumba ni ya Injinia. Injinia akaniambia hawezi kumaliza sakafu kabla ya kuliona tangi, kwa sababu jukwaa la saruji lazima lilingane nalo. Tangi ni la Daktari. Nikapanda Kitale. Daktari akaniambia hawezi kulitoa stoo bila cheti cha afya. Bwana Afya akaniambia cheti hakitoki mahali pasipo na maji. Mtu wa maji akaniambia kisima kipo, bomba lipo, lakini pampu ni ya stima. Nikarudi kwa mtu wa stima. Akanipokea vizuri tena.

Nilizunguka hivyo mpaka visigino vikaisha, nikahamia viatu vya raba. Siku moja nikachora mambo yote kwenye karatasi ofisini, mshale kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, nikaona nimechora duara kamili. Ni ile firigisi, nikasema kwa sauti. Inazunguka meza! Na hapo nikapandwa na hasira, kwa sababu sikuweza kumpata mtu wa kumkasirikia. Wote walikuwa watu wazuri. Kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza, kitu kiharibike, halafu aulizwe peke yake.

Na kule Kamukuywa, kila nilipofika, mama mwenyekiti alinipokea kwa swali moja. Hakuniuliza habari za Bungoma. "Tangi?" Nikisema bado, alikuwa anainuka, anachukua ndoo ya maziwa yaliyochacha, na anakwenda mgombani. "Pole, mama. Tena leo." Mei ikaisha. Ule mgomba ulikuwa umenawiri kuliko migomba yote ya kata ile, na mimi nilikuwa nimeanza kuuchukia.

Jumamosi moja ya Juni nilipanda Kitale kwa mama yangu. Kabla ya kufika sokoni nilipitia stoo ya Daktari kuliona tangi tena, kama mtu anavyokwenda kumwona mgonjwa. Lilikuwa pale pale chini ya magunia, linang'aa pembeni ambapo gunia limeteleza. Juu yake kuku mmoja wa mlinzi alikuwa amejitengenezea kiota, ameketi ametulia, anatuangalia kama sisi ndio tumemwingilia ofisini.

"Huyu tu ndiye analifaidi," Daktari akasema. Hakuwa anacheka. "Wameshapiga simu. Lori la kulichukua wanalo tayari."

Nikafika sokoni, nikakaa juu ya gunia la viazi, nikamweleza mama yangu kila kitu tangu jogoo mpaka duara. Hakuwa ameijua habari ya firigisi. Nilipofika mahali pa mimi kuila aliziba uso kwa leso, mabega yakatikisika, na hapo nikajua ugonjwa wangu niliurithi wapi. Alipotulia aliendelea kupanga viazi, vikubwa juu, vidogo chini, kama kawaida yake ya wizi mdogo.

"Wewe ulikula moja wakakushika," akasema. "Si hao wengine pia wakule? Kila mtu yake. Tuone nani atakimbia."

"Mama, kuku ana firigisi moja."

"Kwani Kamukuywa kuku ni mmoja?"

Niliruka kutoka kwenye lile gunia nikambusu mbele ya wateja. Jioni hiyo hiyo nilikuwa Kamukuywa. Mama mwenyekiti alinisikiliza amesimama, kisha akaona ni afadhali akae chini, kisha akapiga paja lake kofi ambalo ng'ombe alilisikia. Kina mama sita wa chama wakachanga kuku, kila mmoja jogoo wake, na hakuna aliyeombwa mara mbili.

Kuwaleta wakubwa haikuwa kazi. Nilimpitia kila mmoja ofisini kwake, nikafunga mlango, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba kina mama wanataka kumshukuru yeye, kwa heshima zote, kwa jinsi alivyokuwa na moyo. Sikuwa nimedanganya. Walikuwa na moyo wote, walikosa miguu tu. Kila mmoja alijirekebisha tai akasema atakuja.

Siku hiyo Daktari alifika mapema kabla ya wenzake, maana nilimwomba atuchinjie. Alivua koti, akanoa kisu chake, akaelekea kibla, akaanza. Alipofika kuku wa nne aligeuka.

"Binti, mbona ni wengi hivi? Wageni si sita?"

"Ndiyo, Daktari. Na kuku ni sita."

Akaniangalia. Akawaangalia kuku. Nikaona habari inamfika polepole, kwanza kwenye macho, halafu kwenye ndevu. Alivua kofia yake akajifunika nayo uso, akacheka ndani yake kimya kimya mpaka ikabidi aegemee mti. Kisha akaivaa vizuri, akachinja wawili waliobaki.

Wakubwa wengine wakafika, kila mwenye gari na gari lake. Tukaomba. Safari hii hakukuwa na bakuli kubwa. Kila mgeni aliletewa bakuli lake dogo, limefunikwa kwa sahani, na mama mwenyekiti mwenyewe akawa anainama kwenye sikio la kila mmoja akimnong'oneza: "Hii ni yako wewe."

Nilikuwa nimekaa mlangoni, mahali pangu. Nilikuwa nimeweka ncha ya leso mdomoni.

Injinia alikuwa wa kwanza kufunua. Akaona. Akafunika tena upesi, akachungulia kulia na kushoto, kama mtu aliyeokota kitu njiani. Bwana Afya akafunua chake robo tu. Bosi wangu alivua miwani, akaivaa, akaangalia tena. Hakuna aliyemsukumia mwenzake chochote. Kila mmoja aliona ameheshimiwa peke yake, na mtu akiheshimiwa peke yake haogopi sana. Kisha kikaanza kile kishindo kidogo cha meno kwenye kitu kigumu, kutoka pembe zote za chumba, kru, kru, kru, na wote wameangalia chini kama watu wanaosali.

Mama mwenyekiti akangoja mpaka akaridhika. Akasimama katikati, akajifuta mikono.

"Tunasema asante," akasema. "Sisi akina mama hatuna vitu vingi. Tumepatia mkubwa wetu filigisi. Sasa aliyekula filigisi asimame tumwone."

Wote sita wakasimama.

Nitajitahidi kuieleza ile picha, lakini sitaweza. Viti vilisukumwa nyuma kwa mlio mmoja. Kila mtu alikuwa ameshaanza kutabasamu, mkono umeshafika kwenye kifungo cha koti. Kisha mtu wa stima akamwona mtu wa maji. Injinia akamwona Bwana Afya. Bosi wangu akawaona wote. Daktari, mwigizaji mkubwa, alikuwa ameshangaa kuliko wote. Hakuna aliyekaa, maana kukaa kungekuwa ni kusema hukula, na mdomo wa kila mmoja ulikuwa unang'aa mchuzi.

Leso ilinitoka. Nilicheka kicheko ambacho nilikuwa nimekihifadhi tangu siku niliyoajiriwa, nikaanguka kutoka kwenye kiti changu mpaka nje ya mlango, na huko nje nikakutana na wasichana wa jikoni ambao nao walikuwa chini. Ndani nilimsikia Injinia akisema, "Ati hata wewe?" na mtu wa stima akijibu, "Si aliniambia ni yangu peke yangu!" Halafu bosi wangu akaanza. Kicheko chake kilikuwa chembamba cha ajabu, na kikawaambukiza wote. Watu wazima sita wa serikali wameshikana mabega wanalia machozi.

Mama mwenyekiti hakucheka. Aliwaacha wamalize.

"Kuku sita wamekufa," akasema. "Sasa wakubwa wangu, niambieni. Tangi linakuja siku gani?"

Mimi nikarudi kwa magoti mpaka mlangoni, kwa sababu swali hilo ndilo lililokuwa limetuleta wote pale. Injinia akajifuta macho.

"Tumelishwa, tumekwisha," akasema. "Daktari, nipe kipimo cha hilo tangi. Sitangoja kuliona. Kesho namwaga saruji."

"Kama unamwaga saruji," akasema mtu wa stima, "mimi naleta nguzo hata kama nyumba haina mlango."

"Mkiwa na stima nawasha pampu saa hiyo hiyo," akasema mtu wa maji.

Bwana Afya akasema atakuja na muhuri wake mfukoni, asimame kando ya mfereji, na maji yakitoka agonge. Daktari akasema muhuri ukigongwa tangi litakuwa limeshapanda lori, linangoja tu barabarani. Walikuwa wanaongea kwa pamoja sasa, kila mmoja anataka kumpita mwenzake. Bosi wangu alinitafuta kwa macho pale chini mlangoni, akanikonyeza. Nadhani ndiyo siku pekee aliyoamini kile kitabu.

Haikwenda kama walivyosema, hakuna kitu huenda hivyo. Saruji ilichelewa kukauka kwa sababu ya mvua. Nguzo moja ililetwa fupi ikarudishwa. Lori la tangi lilivuka mpaka salama, kisha likakwama kwenye tope pale linapoacha lami, karibu kabisa na nyumba, na ikabidi tulisukume wote: kina mama wanaimba, Bwana Afya katika koti lake jeupe, Injinia anatoa amri ambazo hakuna anayezisikia. Nilipoteza kiatu kimoja cha raba na sijakiona mpaka leo. Lakini Juni ilikuwa haijaisha. Jioni moja mtu wa stima alisukuma swichi, na tangi likaanza kunguruma taratibu, na akina mama waliokuwa wamepanga foleni na mitungi yao hawakupiga vigelegele kama nilivyotarajia. Walimwaga maziwa yao ndani mmoja baada ya mwingine, kwa uangalifu, kama walivyofundishwa kule Mabanga, kwenye chuo cha wakulima, wakaenda nyumbani kimya. Hawakuwa wameamini bado.

Nililala kwa mama mwenyekiti. Kulipopambazuka tulikuta wenzake wameshatutangulia kwenye ile nyumba ya tangi, wamejifunga shuka dhidi ya baridi, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kufunua. Mama mwenyekiti alinitazama.

"Wewe ndio ulianza kula," akasema.

Nikafunua. Akachota kwa kikombe, akanusa kwanza, kama alivyokuwa akinusa kila asubuhi ya maisha yake. Uso haukukunjika. Akanipa. Yalikuwa baridi mpaka meno yakaniuma, na yalikuwa matamu, maziwa ya jana jioni, kana kwamba usiku haukupita.

Kikombe kikaanza kuzunguka kwa wenzake, na hapo ndipo vigelegele vilipotoka. Mimi nikageuka nimkumbatie mama mwenyekiti, nikamkosa. Alikuwa ameshatoka.

Nilimfuata mpaka nyumbani. Ndoo ilikuwa imeinamishwa ukutani, kavu. Alikuwa zizini, mkono kwenye shingo ya ng'ombe, kipaji cha uso kimeegemea pale pale, na nikamsikia anamwambia polepole, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Mama, jana hukukamuliwa bure."